Siku Zambia Iliposukwa

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Si kwa kiburi, wala si kwa hekima. Ni mdomo tu: ukiona watu zaidi ya wawili unafunga duka. Nikiitwa mbele ya darasa magoti ndiyo yanatangulia kujibu, halafu kicheko kinanipanda, kicheko kisicho na sababu, kama kichefuchefu, na mwalimu anadhani namcheka yeye. Ananirudisha kwenye benchi na zero yangu. Kwenye karatasi ninapata vizuri. Kwa mdomo, tangu nianze section ya biashara, ni zero tupu.

Papa anafanya kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa, na jioni anarudi mweupe kama andazi lililoangukia kwenye unga. Jioni moja alipokuwa ananawa uani aliniita. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Mutoto wangu, kichwa uko nayo. Mudomo njo hauna. Na muntu wa commerce bila mudomo, ni nini? Ile exposé yenu ya uchumi, kama ni zero tena, mwaka wenye kuya unaenda couture, kushona. Kitambaa haiulizake muntu maulizo."

Tantine, dada yake mdogo, ambaye tunaishi naye na anasuka watu nywele kwenye baraza yetu, alidakia bila kuinua macho kutoka kichwa cha mteja:

"Kitambaa haiulize, sawa. Na mwenye kitambaa? Njo wa kwanza kuuliza mukono ya robe yake iko wapi!"

Mteja alicheka, tantine alicheka, Papa naye alicheka ndani ya taulo. Mimi nilitikisa kichwa kama mtu aliyekubali, maana kutikisa kichwa hakuhitaji sauti. Lakini moyoni nililia. Sindano na mimi hatuelewani. Kitufe nilichowahi kumshonea Papa kilishika shati na suruali yake pamoja, akachelewa kazini akijifungua. Na uchumi ninaupenda. Ninapenda jinsi neno moja lenye sura ya kuchosha, ukilifungua, unakuta watu wamejaa ndani.

Sasa, hiyo exposé. Kila kundi la wanafunzi wawili lilipaswa kusimama mbele na kueleza somo moja. Mwenzangu wa benchi ni msichana kama mimi, ila yeye Mungu alimpa sauti yake na ya kwangu pia. Siku mwalimu alipokuwa anagawa masomo, wengine walishachukua soko, bei na benki, mambo ya kueleweka. Mwalimu akafungua karatasi nyingine: "Sasa, nani atatulinganishia nchi mbili jirani…" Hakumaliza. Mwenzangu alikuwa ameshasimama.

"Shiye, prof! Shiye!"

"…salio halisi la akaunti ya mtaji," mwalimu akamalizia kwa upole, "mwaka kwa mwaka. Congo na Zambia. Vizuri sana, mademoiselle."

Darasa zima likatoa ule mguno wa penalti iliyogonga mwamba.

"Juu ya nini ulisimama?" nikamnong'oneza kuuliza sababu.

"Alisema nchi mbili. Nilizania ni football."

Basi tukagawana kazi. Yeye ndiye aligawa. "Weye ufikirie, minye niseme. Kama radio: moja iko ndani, moja iko inje." Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nani hangependa kuwa yule wa ndani ya redio?

Mwalimu alitupa ukurasa mmoja wenye safu mbili, moja ya kwetu, moja ya Zambia, miaka ikifuatana. Tulikaa nao kwenye ngazi za nyumba yao kule Kikula, karibu na soko, na mwenzangu akaumaliza kwa dakika moja.

"Ni cuivre," alisema. "Malori ya shaba yenye kupita kila siku kuenda Zambia. Tunauza, wanalipa. Kwisha. Tuende tukanunue beignets."

Tulikula hayo maandazi, lakini jambo halikuwa kwisha. Niliporudi kwenye masomo yangu niliona kwamba shaba haimo. Kitu kilichouzwa kina akaunti yake nyingine. Mshahara haumo. Mzungu au Mchina anayekuja na fedha zake kujenga kiwanda ili apate faida, naye hayumo, ana pake. Nilibaki nimelala chali mkekani nikiitazama dari, nikijiuliza: kama ukitoa kuuza, ukitoa kazi, ukitoa biashara yote, nchi inabaki na nini cha kuandika?

Dari yetu ni mabati tu, malata kama tunavyoyaita. Upande wa chumba changu yanang'aa, kwa sababu mjomba aliyeko Lubumbashi aliyaleta mwaka ule mvua ilipotuhamisha kitanda. Hatukumuuzia kitu. Hatukumfanyia kazi. Wala hakutukopesha. Aliyashusha kwenye gari, akasema, "Ezekeni," akanywa maji, akaondoka.

Niliruka nikakaa. Zawadi ya kujengea! Nchi ikipewa barabara au hospitali bila kulipa, inaingia humo. Nchi ikidaiwa na mwenye kuidai akasema basi, nimesamehe, inaingia humo pia, maana kusamehewa deni kubwa ni kama kuletewa mabati. Nilianza kucheka peke yangu, kicheko kizuri sasa, kile kinachotoka tumboni na kukupiga mabega.

Tantine alichungulia mlangoni. "Weye unachekaka malata sasa?"

"Tantine, hii malata njo compte de capital!"

Aliitazama kwa makini. "Eh. Basi compte de capital inavuja pale pembeni. Uambie papa yako."

Tulihitaji mchoro mkubwa, darasa zima lione. Umeme ulikuwa haupo wiki hiyo, karatasi kubwa ni ghali, lakini shuka kuukuu ya kitanda ilikuwepo, na baraza ya tantine haikosi nywele za kusukia zilizobaki, meshi. Tulichora mstari wa miaka chini ya shuka kwa kalamu, kisha tukagandisha meshi nyeusi kwa gundi: Congo. Meshi nyekundu: Zambia. Ilipendeza jamani! Mistari miwili inatembea karibu na sakafu kama kuku wanaotafuta punje, halafu ghafla mmoja unaruka juu kama umekanyaga siafu. Zambia iliruka kwanza, mwaka waliosamehewa madeni yao, ikashuka. Miaka ikapita, Congo nayo ikaruka, nayo kwa madeni yaliyosamehewa, nayo ikashuka. Mwenzangu alijifunza maneno yote niliyomwandalia, akayasema mbele ya ukuta kwa sauti iliyomfanya jirani afungue dirisha. Tulitundika shuka kwenye kamba ya baraza gundi ikauke, na kwa siku mbili nzima nilikuwa mtu mwepesi, natembea Likasi kama niliyeoga maji ya baridi. Couture nilikuwa nimeshaisahau.

Jumatatu asubuhi nikaenda kukunja shuka.

Congo ilikuwepo. Zambia hakuna. Palibaki njia ya gundi kavu tu, kama pale konokono alipopita.

"Tantine! Meshi nyekundu iko wapi?"

Tantine alikuwa anapiga mswaki. Akatema povu. "Ile yenye ilikuwa inaning'inia bure? Jana mama moja wa korali alikuya mbele ya ibada kuanza, alitaka kusuka na rangi, nilimaliza yangu yote, nikaona ile. Juu ya nini?"

"Ilikuwa Zambia!"

"Zambia?" Alifikiri, mswaki ukiwa shavuni. "Pole, mama. Mais ilimupendeza kabisa. Aliimba na yo vizuri, na kanisa yote ilimwangalia."

Hasira ilinijia, lakini kicheko kilifika kwanza, na nilipotoka mlangoni nikiwa na shuka kwapani nilikuwa ninalia na kucheka kwa pamoja, watu wa baiskeli wananipisha. Nilijituliza: si neno. Mwenzangu ana mdomo. Atasema Zambia kwa maneno, ataionyesha kwa mikono, atawafanya waione. Yule akisema mvua inanyesha, watu wanaanua nguo.

Nilimkuta langoni. Aliponiona alifungua mikono, akafungua mdomo, na kilichotoka ni hewa. Hhhh. Kama tairi.

"Nini?"

Alinivuta sikio mpaka kwenye midomo yake. "Maombi," alipumua. "Nilienda kwa maombi… juu ya exposé. Nililia kwa Bwana… na nguvu yote."

"Ulipiga kelele mpaka sauti ikaisha? Juu ya exposé? Mungu si kiziwi, weye!"

"Si kiziwi," alipumua, "mais batu walikuwa wengi. Kila mutu na shida yake. Nilitaka asikie yetu."

Nilimtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa uchungu wa kweli, masikini, alikuwa ameiombea sauti yake mpaka ikaisha. Nikamwambia kuhusu Zambia na mama wa korali. Akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka bila sauti, jambo la kutisha kulitazama, na mimi nikamsaidia kwa sauti yangu, tukashikana ukutani tusianguke, kengele ikilia.

Kundi letu likaitwa.

Tulitundika shuka juu ya ubao. Congo peke yake ilitembea pale, ikaruka, ikashuka. Mwalimu alikaa benchi la nyuma, amekunja mikono.

"Tunangoja, mademoiselles. Ninaona nchi moja."

Mwenzangu akanyoosha kidole kooni mwake, akatikisa kichwa. Kisha akaninyooshea kidole mimi. Darasa likaguna kwa furaha. Wote wanajua zero zangu. Niliiona cherehani. Niliiona kabisa, nyeusi, na mimi nimekaa nyuma yake mpaka uzee, nikishona mashati kwenye suruali. Nikafungua mdomo kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa, na Kifaransa chote kikanikimbia. Kikabaki kicheko tu. Kikapanda. Nilijaribu kukimeza, kikatokea puani.

"Nini kinachekesha?" mwalimu akauliza. "Zambia iko wapi?"

Na mimi nikasema ukweli.

"Prof, Zambia imesukwa."

"Imesukwa namna gani?"

"Ilisukwa jana. Tantine alisuka mama wa korali na yo. Saa hii iko Kikula, ku kichwa."

Sijui nieleze vipi darasa lilivyoanguka. Wengine walipiga madaftari, mmoja alitoka nje kabisa akacheke kule. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Na mimi nikiwa katikati ya ile kelele nilisikia jambo la ajabu: hawanicheki. Wanacheka pamoja nami. Kicheko ambacho siku zote kilikuwa changu peke yangu, kilichonitia aibu, sasa kilikuwa cha kila mtu, na mimi ndiye niliyekileta.

"Prof, naomba Zambia nyingine," nikasema. "Naomba watu."

"Chukua," akasema. "Na sema unavyoweza kusema."

Mtu wa kunyamaza anatazama sana. Mimi nimekaa benchi la nyuma miaka yote nikiangalia migongo. Ninajua urefu wa kila shingo darasani. Niliwaita mmoja mmoja, nikawapanga mbele ya shuka, mwaka kwa mwaka, vichwa vyao viwe mstari wa Zambia. "Weye chuchumaa. Weye piga magoti. Weye inama kidogo, hapana, rudi juu, si sana." Golikipa wetu, kijana mrefu kuliko mlango na mwenye maneno kuliko redio, nilimpa mwaka waliosamehewa deni. "Weye panda ku kiti."

Akapanda, akapiga kifua. "Banduku! Minye njo mwaka ya neema!"

"Na minye juu ya nini niko chini?" akalalamika yule anayechuchumaa pembeni yake.

"Juu mwaka yako haikupata zawadi kubwa."

"Prof, ni ubaguzi! Magoti inauma!"

"Vumilia," mwalimu akasema. "Wewe ni uchumi."

Nikaeleza. Sijui niliyatoa wapi. Niliwaambia kwamba shaba haimo, malori hayamo, wakashangaa kama nilivyoshangaa. Golikipa akiwa juu ya kiti chake akakatiza:

"Donc ni matabishi! Unanunua unga, mama anakuongezea kiganja moja juu. Matabishi ya mataifa!"

Darasa likashangilia. Zamani ningekufa pale. Lakini nililiona jibu, lilikuwa karibu kabisa.

"Hapana. Kiganja ile ya unga unaikula jioni ile ile. Iko na akaunti ingine, ya bintu vya kila siku. Hii ni ya kujengea. Ni kama mjomba alete malata. Ama mwenye duka afute deni yako yote ya zamani."

"Na neno halisi?" mwalimu akauliza kutoka nyuma. "Salio *halisi*. Kwa nini?"

"Juu kama mjomba alileta malata, halafu Papa akakata sehemu akapatia ndugu yake aezeke jiko, hatuwezi kuhesabu yote yenye kushuka ku gari. Tunahesabu yenye kubakia ku nyumba. Yenye kuingia, toa yenye kutoka."

Akaandika kitu. Mimi nikageukia kiti.

"Sasa muangalie huyu. Ukilinganisha Congo na Zambia mwaka huu moja tu, utasema Zambia ni tajiri kabisa, Congo ni masikini. Mais huyu hakukomaa. Alipandishwa. Kiti haiko mguu yake." Nikamgonga mguuni. "Shuka."

"Aah, dada, acha nikae kidogo…"

"Shuka! Mwaka imekwisha!"

Akashuka huku darasa likimpigia kelele za kumuaga, akasimama sakafuni, kwa urefu wake wa kawaida. "Njo maana tunaangalia miaka mingi," nikasema, nikatembea mbele ya Zambia yangu iliyokuwa inatetemeka magoti. "Tunatafuta nani alisimama vizuri kiti ikisha kuondoka. Na Congo pia iliruka, iko hapa, muone, nyuma ya Zambia. Yetu pia ilikuwa kiti."

Mlango ukafunguka. Mwalimu wa darasa la jirani aliingiza kichwa, uso umekunjika, akauliza kelele hizi ni za nini.

"Samahani, mwenzangu," mwalimu wetu akasema bila kusimama. "Tuko Zambia. Tunarudi sasa hivi."

Zambia yote ikaanguka sakafuni kwa kucheka. Mwenzangu, aliyekuwa ameshika pembe ya shuka muda wote, alijikaza, uso ukamvimba, na kutoka kwenye koo lile lililokufa likatoka neno moja, bovu, la chura: "Amina!"

Baadaye uani alining'ang'ania sikio. "Unaona? Alisikia. Niliomba exposé ipite. Sikumwambiaka ni mudomo ya nani."

Mwalimu hakuniambia alama. Alinisimamisha mlangoni wakati wengine wanatoka, akasema tu kwamba alama atakazoandika, baba yangu hataziamini. Na kweli hakuziamini.

"Nani alisema pa nafasi yako?" Papa aliuliza, tumekaa kula, chokaa bado imebaki masikioni mwake.

"Minye, Papa."

"Weye."

"Minye."

Akamtazama tantine. Tantine akatazama bukari, ugali wetu. Basi nikaanza kumweleza, na nikikumbuka sasa ninacheka: sikuacha. Nilianza na Zambia, nikaenda kwa golikipa, nikarudi kwa magoti, nikaigiza yule mwalimu wa mlangoni, nikasahau sehemu nikairudia tangu mwanzo. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikapoa. Papa alikuwa ameshika tonge mkononi muda wote, hajalipeleka popote. Tantine alikuwa amejilaza ukutani, anafuta macho na pembe ya kitenge.

Nilipopumua, Papa akaweka tonge chini.

"Na couture?"

Kichwa changu kikataka kujibu chenyewe, kwa kutikisika kwa zamani. Nikakizuia.

"Sitake, Papa. Sikutakaka hata siku moja."

"Juu ya nini haukusemaka?"

Niliinua mabega tu.

"Nilizania unaogopa masomo," alisema polepole. "Nilikuwa ninakutafutia fasi yenye hautateswa. Kumbe." Akalichukua tena lile tonge, akalitazama. "Bon. Couture tunaacha. Njo imeisha. Sasa kula, mama, chakula imepoa."

"Ndiyo, Papa. Mais sikukuambia bado vile prof alivua miwani…"

"Kula kwanza."

"Alivua, akafuta, akavaa, halafu…"

"Tantine yake, umwambie huyu mutoto anyamaze kidogo, tule."

"Minye?" tantine akasema. "Hapana. Halafu alifanya nini?"